Maswali ya Wasomaji: Nani Aongoze Kikao Kinachomchagua Mwenyekiti Mpya?

Barua zinazouliza juu ya uendeshaji wa vikao hutufikia mara kwa mara, lakini safari hii tumechagua zile zinazogusa jambo moja tu, yaani mabadiliko ya mwenyekiti wa kamati na vurugu ambazo mara nyingi huambatana nayo. Majina ya waandishi na ya kamati zao tumeyaacha. Majibu yanahusu kamati za kawaida za vyama, vikundi na jumuiya; pale ambapo katiba yenu inasema vingine, ifuateni katiba na mwiweke safu hii kando.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati yenye wajumbe kumi na watano. Mwenyekiti wetu alijiuzulu kwa barua kabla ya muda wake kwisha. Katika kikao kilichofuata makamu wake alikalia kiti na papo hapo akatangaza kuwa yeye mwenyewe anagombea nafasi hiyo. Kundi moja lilitaka kura ya kunyoosha mikono ipigwe mara moja, jingine likataka kura ya siri, watu wakawa wanasema kwa pamoja, na wajumbe sita wakatoka nje. Hatukuamua lolote. Tunakusudia kuitisha kikao kingine. Tufanye nini ili hali ile isijirudie?

JIBU: Ndugu Katibu, ukiisoma tena barua yako utaona kwamba suala la nani awe mwenyekiti hamkulifikia kabisa siku ile. Mlikwama kwenye nani aongoze kikao na kura ipigweje, na kwa kuwa jina la mgombea lilikuwa limekwisha kutajwa, kila pendekezo la utaratibu lilisikika kama njama ya kumbeba au kumkwamisha. Aliyetaka mikono inyooshwe alihesabiwa kuwa mtu wa makamu, na aliyetaka usiri alihesabiwa kuwa mpinzani wake, hata kama kila mmoja alikuwa na sababu zake njema. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba utaratibu ujadiliwe na kupitishwa kabla ya jina lolote kutajwa. Ikiwezekana katika kikao kinachotangulia, na isipowezekana, katika ajenda inayotangulia ya uchaguzi siku hiyo hiyo.

Anza na katiba. Tafuta humo mambo matatu: kama makamu anarithi nafasi moja kwa moja au anakaimu tu mpaka uchaguzi ufanyike, kama atakayechaguliwa anamalizia muda uliobaki au anaanza muda mpya kamili, na akidi ni wajumbe wangapi. Katiba isiposema lolote kuhusu makamu, ushauri wangu ni kwamba ahesabiwe kuwa anakaimu tu, na kukaimu hakumpi haki ya kuhesabiwa kuwa amekwisha chaguliwa. Jambo la pili, la muda, husahaulika mno, kisha huzua ugomvi miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo kila mtu anakumbuka makubaliano kwa namna inayompendeza. Liandikwe kwenye taarifa ya kikao kabla ya siku ya uchaguzi.

Taarifa yenyewe ndiyo mahali ambapo katibu anaweza kuzuia nusu ya fujo akiwa bado mezani kwake. Uchaguzi wa mwenyekiti haupaswi kuingizwa kwenye "Mengineyo", wala kufichwa chini ya maneno mapana kama "masuala ya uongozi", kwa sababu mjumbe aliyeamua kutokuja akidhani kikao ni cha kawaida atakuwa amenyimwa kura bila kujua, naye atakuwa na haki ya kulalamika. Mimi ningeandika hivi:

"Ajenda ya 3: Kupokea barua ya Mwenyekiti ya kujiuzulu. Ajenda ya 4: Kupitisha utaratibu wa uchaguzi, ikiwa ni pamoja na msimamizi, aina ya kura na idadi ya kura za kushinda. Ajenda ya 5: Kumchagua Mwenyekiti atakayemalizia muda uliobaki."

Ajenda ya 3 inaweza kuonekana ya kupoteza wakati, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mwenyekiti ameondoka. Isomwe barua hata hivyo, na kumbukumbu zioneshe kwamba imepokelewa, maana nafasi haiwezi kujazwa kabla ya kikao kuthibitisha kwamba iko wazi. Kamati ambazo huruka hatua hii hujikuta zikibishana na mtu anayesema kwamba aliandika kwa hasira na hakuwa amemaanisha kujiuzulu.

Sasa nije kwenye kiti. Mgombea asisimamie uchaguzi anaogombea. Zipo kanuni za vikao zinazomruhusu, na huenda makamu wenu ni mwadilifu wa kupigiwa mfano, lakini kila uamuzi atakaoutoa, hata wa kumpa mtu nafasi ya kuzungumza, utatiliwa shaka, na shaka hiyo ndiyo inayowafanya watu wapaze sauti. Aulizwe mwanzoni mwa ajenda ya 4 kama anakusudia kugombea, na akijibu ndiyo, apishe, na kikao kimchague mwenyekiti wa muda kwa ajenda hizo mbili tu. Mabunge makubwa yamelitatua jambo hili kwa kumpa kazi hiyo mtu asiye na maslahi. Katika Bunge la Makabwela la Uingereza, uchaguzi wa Spika wa tarehe 4 Novemba 2019, ambao Lindsay Hoyle alishinda kwa kura ya siri baada ya duru kadhaa, ulisimamiwa na Ken Clarke, mbunge aliyekuwa amekaa bungeni mfululizo kwa muda mrefu kuliko wote, ambaye hakugombea kiti hicho na ambaye pia alikuwa anastaafu ubunge. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, Januari 2023, kura zilipigwa mara 15 kabla ya Kevin McCarthy kupata Uspika, na muda wote huo aliyeongoza alikuwa Karani wa Baraza, ambaye si mjumbe kabisa.

Mfano huo wa pili unakuhusu wewe. Ikiwa hugombei, katibu anafaa sana kuongoza sehemu hiyo, mradi mtu mwingine apewe kalamu, kwa kuwa hakuna awezaye kusimamia kura na kuandika kumbukumbu zake kwa wakati mmoja na akafanya yote mawili vizuri.

Atakayeongoza azungumze kwa maneno machache na yasiyobadilika. Aseme, kwa mfano: "Tumefika ajenda ya 5. Utaratibu mmekwisha kuupitisha na sitaufungua tena. Napokea majina. Kila jina lipendekezwe na mjumbe mmoja, liungwe mkono na mwingine, kisha mwenye jina aseme kama anakubali." Baada ya hapo kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba hazungumzi mtu asiyeitwa na kwamba kila mzungumzaji anamwelekea yeye badala ya kumgeukia mwenzake. Sharti hili dogo la kuzungumza kupitia kwa kiti linapunguza ukali kuliko onyo lolote, maana ni vigumu kidogo kumtukana mtu ambaye humtazami. Akisimama mjumbe na kusema "kuhusu utaratibu", msimamizi amsikilize mara moja, aulize ni kanuni gani iliyovunjwa, atoe uamuzi kwa sentensi moja na kuendelea. Asiyekubaliana na uamuzi aombe kikao kizima kipige kura ya kuukubali au kuukataa, na hilo lisijadiliwe kwa zaidi ya dakika chache.

Kuhusu wale sita waliotoka: ninyi tisa mliobaki, kama akidi yenu ni nusu ya wajumbe, mlikuwa na uwezo wa kuendelea kihalali. Mlifanya vyema kutoendelea. Mwenyekiti aliyechaguliwa katika ukumbi ambao theluthi moja na zaidi ya wajumbe wake wametoka kwa kupinga utaratibu atatumia muda wake wote akijieleza. Lakini katika kikao kijacho, utaratibu ukishapitishwa kwa kura ya wote na bado watu wakatoka kwa sababu tu wameona watashindwa, hapo endeleeni maadamu akidi ipo, na saa waliyotoka iandikwe kwenye kumbukumbu. Akidi isipokuwepo, msipige kura hata moja. Ahirisheni kwa tarehe na saa iliyotajwa.

SWALI: Sisi hali yetu ni tofauti, kwa kuwa mwenyekiti hataki kuondoka. Wajumbe wengi tumepoteza imani naye, lakini yeye ndiye anayepanga ajenda, na kila mara tunapoligusa jambo hilo anasema kikao kimefungwa na kuondoka. Je, tunaweza kuendelea akishatoka na kumchagua mwingine hapo hapo?

JIBU: Msifanye hivyo hapo hapo, ingawa naelewa kishawishi. Mkimchagua mtu katika mabaki ya kikao ambacho taarifa yake haikutaja uchaguzi, mtakuwa mmempa mwenyekiti wa sasa hoja nzuri ya kisheria ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Katiba nyingi zinaruhusu idadi fulani ya wajumbe kuandika barua ya pamoja ya kutaka kikao maalumu kiitishwe, na zinampa katibu wajibu wa kukiitisha endapo mwenyekiti atakataa. Itumieni njia hiyo. Hoja iandikwe wazi na kwa ufupi, itaje sababu zinazoweza kuthibitishwa, kama vile vikao ambavyo havikuitishwa au maamuzi yaliyotekelezwa bila kupitishwa, na mwenyekiti apewe nakala mapema ili aje na majibu yake. Siku ya kikao, ajenda hiyo ikifika, apishe kiti kwa makamu au kwa mwenyekiti wa muda, ajibu akiwa upande wa wajumbe, na ajibu bila kukatizwa.

Kuna shauri la Uingereza lililoamuliwa mwaka 1969, la John dhidi ya Rees, ambalo lilitokana na vurugu katika mkutano wa tawi la chama cha siasa, na ambalo bado linatajwa sana na wanaoandika juu ya mikutano. Jaji Megarry alikubali kwamba mwenyekiti ana uwezo wa kuahirisha mkutano uliovurugika, lakini uwezo huo autumie kwa nia njema na kwa muda usiozidi ule unaohitajika kurejesha utulivu. Hawezi kuutumia kama mlango wa kukimbilia hoja asiyoipenda. Katika hukumu hiyo hiyo alisisitiza kwamba mtu anayetuhumiwa lazima asikilizwe hata pale ambapo wenzake wanaona mambo yako wazi mno kuhitaji maelezo. Hukumu ya nchi moja haiifungi kamati ya nchi nyingine, lakini kwa mtazamo wangu mambo hayo mawili yanakwenda pamoja popote: mkimtaka asikimbie hoja, nanyi msimkatalie nafasi ya kuijibu.

Jambo jingine ambalo wajumbe wenye hasira hulisahau ni kwamba kumwondoa mwenyekiti na kumweka mwingine ni maamuzi mawili. Tarehe 3 Oktoba 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimwondoa Spika McCarthy kwa kura 216 dhidi ya 210, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya baraza hilo. Walioshinda kura hiyo hawakuwa na mtu mmoja waliyekubaliana naye kushika nafasi yake. Kiti hakikubaki kitupu kwa sababu moja tu: tangu mwaka 2003 kanuni zinamtaka Spika akabidhi kwa Karani orodha ya siri ya watu watakaokaimu nafasi ikiwa wazi, na jina la kwanza kwenye orodha ya McCarthy, Patrick McHenry, lilitangazwa papo hapo. Hata hivyo shughuli za kutunga sheria zilikwama hadi tarehe 25 Oktoba, alipochaguliwa Mike Johnson. Kamati yenu pengine haina orodha ya aina hiyo. Basi kabla ya kupiga kura ya kumwondoa, pitisheni uamuzi wa nani atakayekaimu, kwa muda gani, na nani atakayesaini hundi katika kipindi hicho.

SWALI: Kamati yetu ina wajumbe 21. Katika uchaguzi wa mwenyekiti tulihudhuria 17. Mgombea wa kwanza alipata kura 8, wa pili 7, na karatasi mbili hazikuandikwa kitu. Msimamizi alimtangaza wa kwanza kuwa mshindi, nusu ya ukumbi ikapinga. Nani alikuwa na haki?

JIBU: Inategemea katiba yenu inadai wingi wa nani, na hesabu zenu zinaonesha tofauti hiyo vizuri mno. Ikiwa inadai zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa, kura halali ni 15, nusu yake ni saba na nusu, na mgombea mwenye 8 ameshinda. Ikiwa inadai zaidi ya nusu ya wajumbe waliohudhuria, zilihitajika 9, naye hakushinda. Ikiwa inadai zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kamati, zilihitajika 11, na alikuwa mbali na ushindi. Katiba ikisema "wingi wa kura" bila kufafanua, tafsiri ya kawaida ni ile ya kwanza, na karatasi tupu hazihesabiwi upande wowote. Lakini jambo hili lilipaswa kusomwa kwa sauti kabla ya karatasi kugawiwa, wakati hakuna aliyejua lingemfaa nani.

Wagombea wakiwa watatu au zaidi, amueni mapema kama asiyefikisha kiwango atasababisha duru ya pili, na kama wa mwisho ataondolewa katika kila duru. Kura zikilingana, msikimbilie kura ya ziada ya mwenyekiti wa muda. Katika hoja za kawaida, Maspika wa Uingereza hufuata msimamo unaohusishwa na Spika Denison wa mwaka 1867, kwamba kura ya uamuzi itumike kuacha mjadala uendelee au kuiacha hali kama ilivyo. Katika uchaguzi, hata hivyo, hakuna hali ya kuiacha ilivyo, na msimamizi akipiga kura hiyo anakuwa amemchagua mwenyekiti peke yake. Rudieni kura mara moja, na zikilingana tena, pigeni kura ya bahati. Msione haya. Januari 2018 kiti kimoja katika baraza la wawakilishi la jimbo la Virginia, nchini Marekani, ambacho ndicho kilichokuwa kinaamua kama chama kimoja kiwe na wingi au vyama viwili vilingane viti, kilipata mwenyewe kwa jina kuchotwa kwenye bakuli mbele ya kamera, baada ya wagombea wawili kulingana kura.

Kuhusu uchaguzi wenu: kama pingamizi lilitolewa papo hapo na likaandikwa, lijadiliwe na kutolewa uamuzi katika kikao kijacho kabla ya jambo jingine lolote. Kama hakuna aliyeandikisha pingamizi na mwenyekiti huyo amekwisha kuongoza vikao kadhaa, nisingewashauri kulifufua.

SWALI: Tunakutana kwa njia ya video. Siku ya uchaguzi mwenyekiti anayemaliza muda alizima vipaza sauti vya watu aliowaona wakorofi. Je, ni halali?

JIBU: Kumzimia sauti mtu ambaye hajaitwa kuzungumza ni sawa na kumwambia anyamaze ukumbini, na mwongozaji ana haki hiyo. Kumzimia aliyeitwa, au aliyeomba nafasi kuhusu utaratibu, ni kumnyima haki yake. Udhibiti wa programu ukabidhiwe kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya ajenda hiyo kuanza, na kura ya siri ikusanywe kwa njia ambayo pande zote mbili zimeijaribu na kuikubali siku iliyotangulia.

SWALI: Nilichaguliwa mwenyekiti miezi mitatu iliyopita. Mtangulizi wangu bado ni mjumbe. Anao muhuri na mafaili, na katika kila kikao hunikatiza kwa kusema "sisi hatukuwa tunafanya hivyo". Ni mtu mzima ninayemheshimu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, makosa yalianza siku ya uchaguzi, pale kikao kilipofungwa bila kupanga makabidhiano. Yafanyike sasa. Katibu aandae orodha ya kila kitu kinachohusika, yaani muhuri, vitabu vya kumbukumbu, mikataba, funguo, na maneno ya siri ya barua pepe na ya akaunti nyingine za kamati, ipangwe siku, pande zote mbili zisaini orodha hiyo mbele ya mweka hazina, na nakala ibaki kwa katibu. Benki nayo ipelekewe dondoo la kumbukumbu lililosainiwa, linaloonesha mabadiliko ya watia saini, kwa sababu hadi hapo saini yake ndiyo inayotambulika na yako haina nguvu. Ombi hilo litoke kwa kamati kwa barua ya katibu, na shukrani kwa utumishi wake zitangulie ndani ya barua hiyo hiyo. Wewe usilifuatilie kwa simu zako binafsi.

Ama ndani ya kikao, yeye ni mjumbe kama wengine, na anaweza kuzungumza akiitwa. Nenda ukamwone faraghani kabla ya kikao kijacho, umweleze kwamba uzoefu wake unauhitaji na kwamba utamwita mapema katika ajenda anazozifahamu kuliko wote, kisha utimize ahadi hiyo. Akikatiza tena, usibishane naye juu ya zamani ilivyokuwa. Sema tu, "Mzee, nimekuandika, unafuata baada ya mjumbe huyu," na umwite zamu yake ikifika.